Mawe Yangu, Kibaraza Chake

Jumatatu, 6 Machi 1972
Nimefungua duka la vitabu. Magazeti yamechelewa tena. Nimepangusa mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, niliyoyabandika ukutani mbele, kazi ya marehemu kaka yangu kule machimboni Tabaka. Kisha karani wa baraza la mji akaingia. Ameamuru niyabandue yote. Maduka ya zamani barabara kuu yabaki yalivyojengwa: lipu na chokaa, bila nyongeza. Aliyenishtaki ni Ombati, jirani, muuza vitambaa, mzee wa kanisa la Wasabato. Mnafiki.

Alhamisi, 9 Machi
Nimebandua. Mengine yamevunjika. Ombati mlangoni, futi ya kupimia vitambaa shingoni: "Sasa, omogaka, mzee wangu, duka limefanana na duka!" Wateja wake wakacheka. Nikainama kuokota vipande. Mimi, mwalimu niliyewajibu wakoloni magazetini! Namchukia mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 13 Machi
Nimesoma sheria ndogo za mji, kila kifungu. Kibaraza cha Ombati, nguzo na mabati, ni nyongeza ya juzijuzi. Nimemshtaki. Notisi ya kukibomoa itakwisha Ijumaa ya wiki ijayo.

Ijumaa, 24 Machi
Ombati ameliomba baraza abomoe mwenyewe Jumapili, aokoe mabati. Nimekimbia ofisini kwa karani. Muda ni muda! Mimi nilipewa Jumapili gani? Vibarua waje kesho. Karani akanitazama. "Mwalimu, una roho mbaya." Nikamshukuru.

Jumamosi, 25 Machi
Wamekibomoa kibaraza Ombati akiwa kanisani. Nimetoa kiti nje nitazame. Tamu.

Akarudi amevaa suti, Biblia kwapani. Mabati matopeni, watu wanajichukulia. Sabato, mpaka jua litue, haimruhusu kushika hata msumari. Akazunguka tu, akipiga kelele. Mwisho akanijia mimi, Mkatoliki.

"Mwalimu, niokotee hayo mabati. Jua halijatua."

"Nina kazi, Mzee. Natazama."

Jua lilipotua alibakiwa na bati moja, limekunjamana. Nimekula vizuri.

Jumapili, 26 Machi
Misa ya Matawi. Nimerudi kwa miguu. Maduka yetu mawili sasa yamefanana, kuta tupu, nyeupe.

Mchana mvua kubwa. Kibaraza hakipo, barabarani hakuna tena pa kujikinga. Watu wamejazana dukani kwangu, wanalowesha magazeti. Sikuwafukuza. Ombati akaingia wa mwisho, chokaa mikononi. Nikamsogezea stuli. Akakaa. Mvua imeendelea mpaka jioni.