Nilificha Jicho la Mke Wangu

Mpendwa Mama Aketch, naomba msaada, na najua ukimaliza kusoma utanidharau, lakini heri unidharau wewe ambaye hunijui.

Mimi ni fundi wa viti na meza hapa Gatwekera, mke wangu anaitwa Mideva, na mwezi uliopita alishikwa na mafua yasiyoisha, pua ikatoa usaha, kichwa kikamuuma juu ya jicho, nikamnunulia vidonge vya kubahatisha dukani kule Mashimoni, halafu Jumapili tukakosana kwa sababu alitaka kwenda kwaya akiwa mgonjwa, nikapandwa na hasira nikapiga mlango wa mabati teke, Mideva akapiga kelele, wapangaji wote wa ploti wakasikia, ila naapa sikumgusa. Kesho yake aliamka jicho la kushoto limevimba hadi limefumba. Nani angeniamini? Nikafunga pazia, nikamwambia asitoke mpaka uvimbe upungue, na jirani yetu Mama Wangoi alipouliza nikamwambia ameenda kwa dadake Kawangware.

Siku ya nne huyo dadake, Seline, akaja kututembelea. Mama Wangoi akashangaa, "Kwani Mideva hayuko kwako? Si bwanake alisema ameenda huko?" Seline akasukuma mlango, akamkuta dadake ana homa, anatapika, jicho limetokeza nje. "Shemeji, unataka kuniulia dada?" Tukamkimbiza hospitali.

Daktari alisema usaha ulioko ndani ya mifupa ya uso umeingia kwenye mshipa wa damu nyuma ya jicho, na damu imeganda humo. Wamemfanyia operesheni kutoa usaha, anapata dawa kwa dripu, na anadungwa sindano tumboni ili damu isizidi kuganda. Daktari aliponiuliza jicho lilivimba lini, nikasema jana, na vidonge sikuvitaja. Sasa sindano zimemwachia alama nyeusi tumboni, Seline ameziona, anasema ni mateke yangu, Mideva akikana anasema ni kwa kuniogopa, na Jumamosi familia inakuja kumtoa wodini wampeleke kwao Maragoli akaombewe. Nikisema ni sindano, nani atamsikiza mtu aliyedanganya ploti nzima? Naona aibu hata kumwangalia mke wangu. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Gatwekera

*

Mwenye Aibu,

Walioandika kabla yako wanisamehe, barua hii haiwezi kungoja.

Pole kwa ugonjwa wa Mideva. Kwamba hukumpiga, nakuamini. Lakini ulimfungia mgonjwa ndani siku nne ili majirani wasikuseme, na hata mbele ya daktari ukaendelea kulinda jina lako. Bwana, hilo jina lako lina kazi gani mke akipofuka?

Weka gazeti chini uende hospitali sasa hivi. Mwambie daktari ukweli: jicho lilivimba siku nne kabla ya kuletwa hospitali, na alimeza vidonge. Kama pakiti ipo, ibebe. Dawa anazopewa zinategemea habari hizo. Ukinyamaza, na Mideva akatolewa wodini kabla ya matibabu kuisha, damu hiyo iliyoganda inaweza kuharibu jicho la pili, inaweza kumuua. Wakitaka kumwombea, wamwombee pale pale kitandani, dripu ikiendelea.

Kisha mwombe daktari amweleze Seline kuhusu hizo alama, wewe ukiwa umesimama hapo. Wewe hatakuamini, na sitamlaumu. Maneno ya daktari atayasikiza.

Ukitoka hapo, nenda Kawangware nyumbani kwa Seline, kwa miguu yako, kabla ya Jumamosi. Usianze na "sikumpiga", utafungiwa mlango. Anza na "nilimficha". Akikutukana, vumilia, umestahili.

Kuna kitu hukuniandikia. Nyuma ya lile pazia, Mideva alikuomba mara ngapi umpeleke hospitali? Mimi usiniambie. Kaa karibu na kitanda chake, umwangalie, umtajie yeye hesabu hiyo, halafu ndipo uombe msamaha.

Mama Aketch