Mwalimu, Malka Haikufungwa

Mpendwa Mwalimu,

Tangu tukuzike sijapata habari niliyotamani kukuletea kama hii.

Unakumbuka kiangazi kile tulipoleta ng'ombe kunywa maji mto Tana, tukakuta umejenga darasa la makuti katikati ya malka, njia yetu ya mifugo ya kushukia mtoni? Ulitaka shule ya watoto wasio na karo wala sare, na wakulima wenzako walikuwa wamekupa kiwanja hicho. Baba alikuuliza kama ng'ombe wake nao waandikishwe. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Wenzako walikusihi usiondoke, lakini ulilibomoa darasa lako mwenyewe, ukalisimamisha pembeni. Kisha ukamwambia Baba, "Njia yako nimekurudishia. Na wewe niachie huyu binti."

Baba alikubali nisome wakati ng'ombe wako mtoni tu. Mifugo ilipohamia malisho ya Bangale, alikuja mwenyewe kukuambia nibaki kwa shangazi hapa Garsen. Alidai nimekuwa mchungaji mbovu, nawafundisha ndama alfabeti. Ulinikalisha dawati moja na mtoto wa mkulima, na kila tulipogombana ulitutuma kubeba ndoo moja pamoja.

Mwezi uliopita kamati ya shule ilitaka kuzungushia shule yote ua, malka ikiwa ndani. Walilalamikia vumbi na samadi, na hawakusema uongo. Lakini nilijua kwamba njia ikifungwa, wafugaji watanyweshea kwingine na watoto wao hatutawaona tena. Niliomba kusema.

"Wewe binti, umetumwa na ng'ombe?" mwenyekiti akauliza. Watu walicheka, nami nikacheka.

"Ndio walionileta hapa, mzee," nikajibu. "Wasingepita, leo nisingejua kusoma."

Walibishana hadi adhuhuri, wakaamua ua ujengwe pande mbili za malka, yenyewe ibaki wazi. Mwenyekiti bado ananung'unika, ingawa ni yeye aliyepima njia, akaiongezea upana.

Ninakukosa, Mwalimu, lakini sina hofu tena juu ya shule yako. Ninasomea ualimu moyoni, hata kabla ya chuo kuniita.

Leo asubuhi somo lilisimama kidogo. Ng'ombe walikuwa wanapita, na kwa kengele zao hatukusikilizana. Walipokwisha kushuka mtoni, madawati ya nyuma yalikuwa yamejaa watoto wa wafugaji.

Pumzika salama.

Mwanafunzi wako, binti wa mfugaji