Kikao cha Umoja wa Wanamuziki Kitandililo Kuhusu Spika Inayotazama Ukuta

Kikao cha dharura, Jumapili 22 Juni 2025, ukumbi wa Umoja, Makambako, saa 9:30 alasiri.

Waliohudhuria: Benno (Mwenyekiti), Avelina (Katibu), Remmy (fundi sauti), Aloyce (kiongozi wa bendi), Laurenti (mshereheshaji).
Mwalikwa: Bi Lukresia, jirani wa ukuta wa nyuma.
Hakuwepo: Anthony, yuko msibani Mjimwema, alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/06/2025: TAARIFA YA JIRANI

Bi Lukresia alieleza kwamba jana baba yake, Mzee Polikarpo, ambaye ni mgonjwa, alipata usingizi huku harusi ikiendelea ukumbini. Haijawahi kutokea tangu ukumbi ufunguliwe, kwa kuwa kitanda cha mzee kipo upande wa pili wa ukuta wa jukwaa. Aliongeza kwamba utulivu ulikatika mara moja tu. Maharusi walipoingia ukuta ulinguruma na vikombe vikacheza kabatini, kisha kukatulia tena. "Nilidhani mmekumbuka uadui," alisema. Wajumbe walicheka. Bi Lukresia hakucheka.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba malalamiko ya Bi Lukresia yapo kwa Mtendaji wa Kata, ambaye amesema muziki utasimamishwa mwisho wa mwezi huu kama mzee bado halali.

KUMB. NA. 2/06/2025: MPANGILIO WA SPIKA ZA BESI

Remmy alieleza kwamba jana alipanga spika tatu kwa namna mpya. Mbili zilitazama wageni na moja ilitazama ukuta, ikiwa imeachiwa nafasi ya hatua moja. Sauti ya hiyo moja imegeuzwa na kucheleweshwa kidogo: zile mbili zikisukuma, yenyewe inavuta. Hivyo besi inayokwenda nyuma inajifuta, ya mbele inabaki.

Aloyce alisema mpangilio huo ulimwaibisha. Maharusi walipoingia kucheza, besi ilipotea, na mjomba wa bibi harusi akamuuliza kama hiyo ni bendi ya chekechea. Alitaka spika zote zitazame mbele kama kwenye kumbi nyingine.

Remmy alijibu kwamba hakugusa kitu wakati maharusi wakiingia.

"Basi besi ilikwenda Njombe kwa nauli ya nani, kaka?" Aloyce aliuliza. Mwenyekiti aliwataka wote wawili wazungumze kupitia kiti.

Laurenti aliomba nafasi. Alieleza kwamba kabla maharusi hawajaingia aliiona spika moja imewapa wakwe mgongo, akaona si adabu, akaigeuza iwatazame. Hakumwambia mtu. Remmy alikiri kwamba aliikuta hivyo wakati wa chakula, akairudisha, naye hakumwambia mtu.

Bi Lukresia alisema, "Chakula ndipo vikombe vilipotulia. Nilisikia sahani zenu."

Remmy alifafanua kwamba spika ile ikigeuzwa mbele inazipunguzia nguvu zile mbili kwa wageni, na huko nyuma hakuna tena cha kuizuia besi.

Aloyce aliuliza kama besi waliyochezea watu baada ya chakula ilitoka kwenye mpangilio huohuo. Alijibiwa ndiyo. Alisema, "Ile ilikuwa nzuri." Remmy aliomba Katibu aandike maneno hayo kama yalivyotamkwa. Yameandikwa.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba mpangilio uendelee. Laurenti ataifunika spika ya nyuma kwa kitambaa chepesi cha mapambo ili wakwe wasione mgongo, na baada ya hapo hataigusa. Aloyce alikubali kwa sharti kwamba jaribio lifanywe na bendi nzima, ngoma zikiwemo.

Bi Lukresia alisema hafuti malalamiko kwa usingizi wa siku moja. Baba yake akilala tena, atakwenda mwenyewe kwa Mtendaji kuyafuta.

Mwenyekiti alifunga kikao saa 11:05 jioni. Bendi nzima itapiga Jumamosi 28 Juni kuanzia saa 10:00 jioni. Mtendaji wa Kata ataalikwa kusikiliza, na kiti chake kitawekwa chumbani kwa Mzee Polikarpo.

Benno, Mwenyekiti: (sahihi)
Avelina, Katibu: (sahihi)