Koti la Benno

Jumatatu, 14 Julai 2025

Makambako nzima mizimu inamwogopa mtu mmoja: mimi. Kidato cha pili sikufukuzwa, niliwaachia walimu wapumzike.

Tangu Benno afe kwa kifua mwezi wa tano, alamu ya tanuru la kukaushia mbao inalia ovyo. Yeye ndiye alikuwa mwendesha tanuru. Wapakiaji wenzangu wanasema anadai koti lake, limebaki msumarini, nje. Leo nimelichukua, limelowa manyunyu — nikafungua mlango, nikalitundika kwenye kifimbo cha chuma ukutani, ndani. Ota moto, mzee. Alamu ikakata.

Wenzangu nimewaambia koti nimemrudishia mwenyewe. Dada Getruda, mpima mbao, kasema nikicheka na wafu, watanicheka. Nikamjibu wafu wa huku hawana meno, baridi imeyamaliza.

Jumatano, 16 Julai

Koti likikauka, Benno analia. Nikilichovya kwenye ndoo na kulitundika tena, kimya. Saa ya kuonyesha joto la tanuru inasoma nyuzi hamsini tu. Naitwa Daktari wa Mizimu. Bosi mwenyewe kaniita hivyo.

Ila feni ya moto haizimi siku hizi. Mabanzi ya kuchochea yanaisha upesi. Nikilala naisikia inapumua.

Ijumaa, 18 Julai

Harufu ya utomvu unaoungua. Nikamwambia Getruda mbao zinanuka. Akatazama saa ya joto: hamsini na mbili. "Daktari, leo unaogopa?"

Nikacheka.

Akaingia tanuruni kuchukua kipande cha ubao cha kupima unyevu. Hakutoka. Jastin, mpakiaji mwenzangu, alimvuta kwa miguu.

Jumamosi, 19 Julai

Getruda yuko hospitali Njombe, hajaamka. Mama yake kaniuliza, mwanangu, alilia? Nimesema sikusikia.

Kazini wanasema Benno kamchukua. Fundi kaja toka Iringa. Kaonyesha tundu la juu la kutolea joto, kifuniko chake kimekwama — alamu ilikuwa inasema kweli. Halafu kile kifimbo. Ndicho kinachopima joto. Kikipozwa, mtambo unadhani tanuru lina baridi, unachochea moto, alamu inalala.

Kauliza nani alitundika kitu hapa. Jastin: "Muulize Daktari, ndiye anayeongea na Benno."

Nimesema tumbo linanisokota. Naandikia chooni, fundi anakohoa nje. Mfukoni nina vifungo viwili vya lile koti, ndivyo vilivyobaki, kila nikivishika naona vya moto.

Benno hakudai koti. Nililitundika mimi. Na ile harufu niliijua — nikacheka, Getruda asiseme naogopa.