Supu ya Viwavi

Jumatatu, 14 Aprili 1997

Wamecheka tena. Wale wanaopita na vikapu kwenda kupima majani chai wanasimama kwenye ua wetu kama watu wanaotazama ajali. Leo ilikuwa zamu ya Mzee Kipkosgei. "Kimeli, siku hizi unafuga viwavi? Wanakupa maziwa?" Baba akacheka naye. Baba! Alipoingia jikoni hakuwa anacheka. Alimpiga paka teke.

Viwavi jeshi wameingia kwa kila mtu hapa Kiptere. Lakini wengine wamenyunyiza dawa ya dukani. Sisi tumempa Daktari Amondi shamba letu la nyasi ya ng'ombe afanyie utafiti, naye hataki sumu. Alikuja na viwavi waliokufa kwa ugonjwa wao wenyewe, akawasaga, akachanganya na maji, tukanyunyiza. Mimi ndiye nilibeba bomba. Anasema wazima watakula majani hayo, wataugua, watakufa wakining'inia, na ng'ombe hatadhurika. Ila ni kazi ya polepole. Majirani wanaiita supu.

Ni daktari wa wadudu. Watu hawaelewi. Mama Jerusa alimletea ndama anayeharisha!

Daktari aliniambia, mbele ya Mama, kwamba jaribio hili likifaulu atanichukua kituoni kwao nijifunze kazi. Mimi na C yangu ya mtihani. Niliangalia viatu vyake.

Jumatano, 16 Aprili

Wameanza kufa! Wachache tu, wamepanda juu ya majani, wakalegea, weusi, wananing'inia kama alivyosema. Nilikimbia kumwambia Baba. Akasema wachache si kitu, nyasi inaisha, na yeye ndiye anachekwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Siwezi kuamini. Nimeamka, viwavi wote wako chini. Wamejikunja, wamekauka. Nikainama — harufu! Ile ya siku ya kuogesha ng'ombe. Dawa ya kupe. Na bomba la kumwogeshea ng'ombe wetu Chelel lilikuwa bado linadondoka nyuma ya nyumba.

Nilimuuliza Baba. Mimi, ambaye sijawahi kumuuliza Baba kitu. Akasema ninyamaze. Akasema hawezi kufanywa mchezo na location nzima kwa sababu ya mama wa kutoka ziwani na supu yake.

Kisha nikamsikia akimwambia Mama polepole: Chelel asiguse nyasi ya huko chini. Akatiwe nyasi ya nepia ya kando ya chai.

Anajua, basi. Anajua ni sumu!

Mama anasema niache, nisimwaibishe baba yangu. Na mimi nikiaibika?

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua ya jana imeondoa harufu. Daktari amekuja, akapiga makofi kama mtoto. Akanikumbatia. Ameokota viwavi akawatia chupani, atawachunguza akirudi kituoni. Lakini aliuliza — aliniuliza mimi — kama kuna mtu alinyunyiza kitu kingine. Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani angeharibu kazi yako, Daktari?" Baba akajibu. Na akatabasamu!

Nikanyamaza. Ninajichukia. Ninamchukia na yeye, Mungu anisamehe.

Labda mvua imeosha yote. Labda. Mbona basi Chelel bado anakatiwa nepia?

Alhamisi wakulima wote wanaitwa kuona shamba letu.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika nikiwa stoo. Mkono ukisimama nitalia.

Watu wamejaa. Daktari amesema vizuri sana, hata Mzee Kipkosgei ameomba msamaha kwa ile supu. Baba akapigiwa makofi. Alisimama pale na koti la kanisani, akapokea.

Halafu Daktari akasema: nyasi hii haijaguswa na sumu yoyote. Kila mmoja akate mzigo, ampelekee ng'ombe wake, ajionee mwenyewe.

Nilimwangalia Baba. Nilimwangalia hadi akaniona. Nikangoja. Angeweza kusema nyasi ni fupi. Angeweza kusema lolote! Akasema, "Caren, lete kamba."

Kamba ziko hapa chini yangu. Nimezikalia. Nimeweka komeo. Bila kamba hawatabeba, nilifikiri.

"Caren! Kamba!" Sauti yake ya wageni.

Daktari anacheka, anasema msaidizi wake ana haya, asigombezwe.

Naona kupitia ufa wa mbao. Wanakata. Mzee Kipkosgei amevua koti. Mama Jerusa hajangoja kamba hata kidogo, anafunga mzigo wake kwa leso. Ana ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo ana mimba. Sasa anajitwika. Anamwambia Daktari Mungu ambariki.

Kwa hiyo kuzikalia hizi kamba ni upuuzi. Naogopa tu, nimepata mahali pa kukaa.

Baba anapanda kuja huku. Anatembea haraka. Daktari anamfuata, anamwambia amwachie, atazungumza na mimi mwenyewe. Mama Jerusa ameshafika kwenye lango.

Nikimwita Mama Jerusa sasa, watasikia wote. Baba atasikia akiwa mbele yao wote, na koti lake.

Basi asikie. Natoa komeo —