Neno la Thelathini na Tisa

Jumatatu, 4 Februari 2019

Filamu tupu tena. Mara ya sita! Nimeinyanyua dirishani, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Haina hata kivuli cha mstari wa protini tunayoitafuta.

Hishem, mwenzangu wa maabara, kasema labda dawa imeisha nguvu. Nimemjibu labda yeye ndiye ameisha nguvu. Hakucheka. Basi asicheke.

Kinachotakiwa kutokea nakijua hata ukiniamsha usingizini. Jeni haitoki ndani ya kiini cha seli. Inanakiliwa, nakala ndiyo inayotoka, inaingia kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, na ribosomu inaisoma kwa maneno ya herufi tatu tatu. Kila neno linaita punje moja ya asidi amino, na punje inaungwa kwa mwenzake. Punje mia moja arobaini na sita zikitimia, umepata mnyororo mzima, damu inabeba hewa, mtu anapanda ngazi bila kuhema.

Kwa Maysem, mpwa wangu, haifiki huko. Neno la thelathini na tisa lina herufi moja iliyobadilika. Penye "ongeza" ribosomu inasoma "acha". Nayo inaacha! Haiulizi. Kipande kinatupwa. Na mtoto wa watu kalipata kosa hilo mara mbili, kwa baba na kwa mama, kwa kuwa dada yangu Hayet aliolewa na binamu yetu na sote tulipiga vigelegele.

Dawa yetu — haina jina bado, tunaiita Namba Saba — ingeifanya ribosomu ilipuuze lile "acha" isonge mbele. Ingeifanya. Miezi kumi na minne niko kwenye "inge".

Jumatano, 6 Februari

Kuvu! Sahani zote zilizotiwa dawa zimeota kuvu. Zisizo na dawa nzima kabisa — bila shaka, kuvu nayo inachagua! Kabati la joto lilizimika umeme ulipokatika Jumapili na hakuna aliyesema.

Hishem atakwenda wodini kumtoa Maysem damu nyingine. Mimi siwezi, nina wanafunzi hadi Ijumaa. Ile dawa ya kutenganisha seli nayo imekwisha, shehena imekwama bandarini Radès. Anasema ataziosha tu kwa maji ya chumvi, mara tatu. Nikamwambia mara tano.

Jumamosi, 9 Februari

Chakula cha mchana kwa Hayet. Mlukhia, mkate wa moto, maneno mengi. Nje mvua, Tunis yote imegeuka tope.

Maysem kaniuliza, "Mama mdogo, ribosomu zangu bado vivu?"

"Si vivu. Tiifu kupita kiasi."

"Basi hazikunirithi mimi." Kacheka mpaka akakosa pumzi, akashika ukingo wa meza. Tukajifanya hatukuona. Ana miaka ishirini na mmoja na kila wiki tatu anaongezewa damu ya watu. Chuma cha damu hizo kimeanza kumkaa moyoni — daktari kasema mwezi uliopita. Hayet anajua. Alinijazia sahani tu.

Jumatatu, 25 Februari

UPO! Mstari upo! Mwembamba, wa kijivu, lakini pale pale unapotakiwa kuwa. Mnyororo mzima! Kwenye zile zisizo na dawa — hakuna kitu. Kwenye zenye dawa — upo!

Nilikaa sakafuni. Hishem akadhani nimezimia.

Profesa Zuheir, mkuu wa maabara, kaja mbio, miwani kwenye paji la uso, mwaka mzima hajakanyaga chumba chetu. "Olfa, binti yangu, nilijua!" Hakujua lolote. Kabla ya adhuhuri alishatuma muhtasari kwenye mkutano wa Marseille, jina lake likiwa la kwanza.

Nikampigia Hayet. Sikusema "tumepona." Nilisema "kuna dalili." Nakumbuka vizuri nilisema dalili.

Jumatano, 27 Februari

Hayet hakusikia dalili. Mama mkwe wake kachinja kondoo. Leo nimepigiwa simu na mwanamke wa Sfax nisiyemjua, ana wawili wagonjwa, anauliza dawa inauzwa duka gani. Nimejikunja kwenye kiti. Kwenye sahani, mama, nimemwambia. Ni kwenye sahani tu. Akaniombea dua ndefu.

Alhamisi, 28 Februari

Nimemsindikiza Maysem kuongezewa damu. Natamani nisingekwenda. Hapana, nisingekwenda ingekuwa vibaya zaidi.

Alikuwa ameshatundikiwa mfuko wa pili, rangi imeanza kumrudia, anatania. "Afadhali leo Hishem hayupo. Mara ile alinikuta jana yake tu nimetundikiwa mifuko miwili, mshipa bado umevimba, naye anatafuta pa kuchoma."

Nikamuuliza, jana yake?

"Ndiyo. Niliongezewa Alhamisi, yeye akaja Ijumaa. Kwani?"

Nikasema hakuna kitu. Nikatoka nje nikanunua kahawa nisiyoinywa.

Zile sahani zisizo na dawa zilitokana na damu ya Januari, aliyotolewa kabla ya kuongezewa. Zenye dawa zimetokana na damu ya Februari. Siku moja baada ya mifuko miwili! Mifuko ya watu wazima wenye afya, minyororo yao yote mizima! Tena imeoshwa kwa maji ya chumvi tu. Na mimi — mimi! — nikaandika juu ya mrija "sampuli ya pili," bila tarehe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemfukuza.

Jumanne, 5 Machi

Kulikuwa na masalio ya sampuli ya pili kwenye friji kubwa. Hayajaonja Namba Saba hata tone. Nimeyapima.

Mstari upo. Ule ule. Mwembamba, wa kijivu.

Basi si dawa, si ribosomu za Maysem. Ni mtu fulani aliyetoa damu, akapewa juisi yake na biskuti, akaenda zake. Huyo ndiye niliyemlilia pale sakafuni.

Hishem kaweka uso mikononi. Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa. Kosa ni letu sawasawa.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Profesa. Nimemwekea filamu mbili mbele. Kazitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hii inaonyesha kwamba hujui," kasema. "Haionyeshi kwamba dawa haifanyi kazi."

Nikamwambia ni kweli, na kwa hiyo tuufute muhtasari.

"Marseille ni Juni. Rudia. Ukiupata mstari, tumefuta nini? Ukiukosa, tutasema wakati huo."

Nikamuuliza, na yule mama wa Sfax?

"Mimi sikumpigia mtu simu, Olfa."

Nikazikusanya filamu zangu nikatoka. Hilo ndilo linaloniunguza — aliyempigia Hayet ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaambia. Nilijipanga njia nzima kwenye metro, nikafika maneno yote yamekwisha. Nikasema tu, mstari ule ulikuwa wa damu ya watu wengine.

Hayet alikuwa akichambua mbaazi mbichi. Hakuacha. "Ulinipa mtoto mzima," kasema, "na sasa unamchukua."

"Dada, nilisema dalili."

"Usinifundishe ulichosema!" Bakuli likaenda sakafuni, mbaazi zikatapakaa hadi chini ya friji. Shemeji akatoka nje bila koti.

Maysem ndiye aliyeinama kuziokota. Kauliza kwa sauti ya chini, kama anauliza saa ngapi, "Hiyo damu isiyo na mtu mwingine ndani, inapatikanaje?"

Nikajibu. Mjinga mimi! Nimefundisha miaka tisa, mtu akiuliza swali zuri mdomo unafunguka wenyewe. Nikasema ni kusubiri damu za watu zipungue, wiki tano, sita, lakini mgonjwa hawezi kukaa hivyo, kwa hiyo tunatafuta njia nyingine ya kuzichuja.

"Sawa," akasema. Akaendelea kuokota.

Ijumaa, 22 Machi

Hayet bado hapokei simu zangu. Maysem kaniandikia kwamba jana aliongezewa damu, kila kitu shwari, na kijana mmoja wa duka la vitabu anamtazama. Nimefurahi.

Shehena bado Radès. Karatasi moja inakosa muhuri. Muhuri!

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika haraka, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi.

Saa nne asubuhi mlango wa maabara ulifunguliwa nikadhani ni Hishem. Alikuwa Maysem. Lifti ni mbovu, kapanda orofa tatu kwa miguu. Midomo haina rangi. Macho ya njano. Kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Akakaa kwenye kiti changu, akasubiri pumzi, akakunja mkono wa sweta.

"Chukua."

Nikajua papo hapo. Tarehe 21 Machi hakwenda kuongezewa damu. Mwenyewe kaniambia: alimuaga mama yake kwamba anakwenda wodini, akakaa maktaba, na tangu hapo kila siku anapaka rangi mashavuni kabla ya kurudi nyumbani. Wiki tano bila damu!

"Sasa humu hakuna mtu ila mimi," akasema.

Nikashika simu niite gari la wagonjwa. Akaweka kiganja juu yake. Baridi kama bomba.

"Chukua kwanza. Wakinitundikia tu mfuko, imeharibika tena. Ukipiga simu kwanza, naondoka kwa miguu yangu."

"Maysem, moyo wako —"

"Moyo wangu ndio unaokwisha, mama mdogo. Si wako."

Asingefika hata kwenye ngazi. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Ningeweza kumshika mikono nipige simu. Mimi mwanamke mwenye afya, na yeye hana nguvu ya kufungua chupa.

Nilichukua. Nikafunga mpira mkononi mwake nikajaza mirija miwili. Kisha ndiyo nikapiga simu.

Sasa yuko ndani, ametundikiwa. Nesi kauliza nani alimchoma, nikasema mimi, akanitazama, akaandika kwenye faili. Daktari anasema moyo unakwenda ovyo, tusubiri.

Mirija iko mfuko wa ndani wa koti. Nimeiandika tarehe na saa. Bado ina joto, lake au langu sijui. Shehena ilifika juzi, kila kitu kiko tayari mezani. Seli hizi zinavumilia muda wa saa nne tu, na saa moja na nusu imekwisha. Hishem kapiga mara tatu kutoka maabara: mezani ameshaanza, hawezi kutoka. Nikiondoka nimemwacha Maysem peke yake. Nikibaki, ameyafanya haya yote bure.

Hayet kafika. Nimeisikia sauti yake chini, anamuuliza bawabu wodi ni ipi. Viatu vyake viko kwenye ngazi. Ataniuliza nilianza na nini, simu au sindano, na nitamjibu kweli: sindano.