Firigisi Iliyokuwa Boma la Wilaya

Mdogo wangu Wandera,

Mimi kaka yako, mwenye miaka sabini na sita, niliyevishinda vita viwili vya Wazungu na nzige wote, jana hapa Tororo nilikula Ujerumani. Mkwe wetu Owor alikaribisha Mjerumani, fundi wa mashine. Tukamuuliza kwao kukoje. Akafanya ugali uwe wilaya, mchuzi uwe mto, mapande ya kuku yawe vijiji jirani. Halafu akachukua firigisi, haki yangu mimi mzee, akaiweka katikati: "Hapa boma letu."

Heshima yangu hiyo inakwenda! Nikaitia firigisi mdomoni.

Mjerumani akapiga kelele: "Mzee, umekula boma! Sasa mashauri tutapeleka wapi?"

Nikapiga tumbo. "Leteni hapa."

Mungu awalinde huko Busia. Ukidhani naongeza chumvi, muulize Owor, ingawa yeye mdomo ulijaa kijiji cha jirani.